Mpira uko wapi? Barua kwa vijana mnaotangaza mpira redioni

Wanangu,

Jumapili nilifungulia redio kipindi cha pili kimeshaanza, nikasubiri kuambiwa matokeo. Dakika 14 zilipita kwa saa yangu ya mkononi. Nikasikia salamu za marafiki zenu, nikasikia nani kanunuliwa kwa bei gani, nikasikia vicheko. Mara "gooo!" ndefu hata nikawahi kuinuka, kupunguza sauti na kurudi kitini. Kafunga nani? Kwa kichwa au kwa mguu? Lango la nani? Mlikuwa mmeshahamia kwenye ugomvi wa refa.

Nimeumia, sifichi. Anayesikiliza redio hana picha nyingine ila ile mnayompa. Mwambieni mpira uko wapi: winga kaupokea mstari wa kulia, beki kasimama mbele yake, kamzunguka, krosi, kipa kaupangua, kona. Hapo hata aliye jikoni na sufuria mkononi anasimama.

Waliotutangulia walilihangaikia hili. Januari 1927, BBC ilipotangaza mechi ya ligi moja kwa moja kwa mara ya kwanza, Arsenal na Sheffield United, jarida la Radio Times lilichapa mchoro wa uwanja uliogawanywa visanduku vyenye namba. Teddy Wakelam akitangaza, mwenzake kando anataja namba ya kisanduku mpira ulipo. Naye Red Barber, mtangazaji wa beziboli Marekani, alikuwa na kipima muda cha mchanga, kile cha kuchemshia mayai, cha dakika 3. Mchanga ukiisha, anataja matokeo na kukigeuza. Ninyi mna simu zenye saa, kengele na tochi, matokeo hamtaji!

Mimi si malaika. Mwaka wangu wa kwanza wa kutangaza, siku ya mvua, jezi zimejaa tope na namba hazisomeki, nilimpa bao mchezaji aliyekuwa benchi. Nililiimba jina lake mpaka mapumziko. Baadaye mfungaji mwenyewe alinifuata, mpole kabisa, akaniambia mama yake alikuwa anasikiliza. Hakuongeza neno. Tangu siku ile hadi nastaafu sikutaja jina nisilo na uhakika nalo. Nilisema "mshambuliaji" hadi nimwone vizuri.

Mengine mnayajua ila hamyafanyi. Fikeni uwanjani mapema. Waulizeni wachezaji majina yao yanatamkwaje. Msiishangilie timu yenu kwenye kipaza sauti. Mchambuzi akiongea na mpira ukakaribia lango, mkateni. Nanyi nyamazeni kidogo baada ya bao, uwanja wenyewe usikike.

Lakini lawama zote si zenu. Wenye vituo wanamtafuta mwenye kelele, wanamlipa nauli na ahadi, kisha wanampa tangazo la kamari alisome mpira ukiwa ndani ya kumi na nane. Kijana anayejifunza kazi hana wa kumkalia pembeni amsahihishe. Sisi wazee tumestaafu na kubaki kununa. Hilo ni kosa letu, nami nalikiri. Anayetaka tusikilize pamoja kanda ya mechi yake, aje nayo. Nitamkatisha mara nyingi, asichukie.

Jumapili ijayo nitachelewa tena kufungulia, safari hii makusudi. Saa nitakuwa nimeishika mkononi.

Mzee wenu wa kipaza sauti