Kichomea taka cha zahanati hakitoshi

Ndugu Mhariri,

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba takriban tani 87,000 za vifaa kinga vilivyonunuliwa kupitia Umoja wa Mataifa wakati wa UVIKO-19 zingeishia kwa sehemu kubwa kuwa taka. Huku Mbeya nimeona kichomea taka cha matofali kikiwashwa kwa kuni zilizoloa masika, na sindano zikibaki nzima ndani ya majivu. Moto wa namna hiyo haufiki nyuzi joto 850 za Selsiasi zinazohitajika kuteketeza taka za hospitali ipasavyo. Kwa kuwa takriban asilimia 85 ya taka za vituo vya afya si hatarishi, halmashauri zianze kwa kusimamia utenganishaji wodini (ndoo za rangi zipo, ila hutumiwa ovyo), kisha zivipatie vituo vikubwa mitambo ya kuua vijidudu vya taka kwa mvuke, pamoja na gari la kukusanya taka za zahanati za jirani.

Msomaji, Mbeya