Dawa ya viluwiluwi lazima iliwe ndipo iue

Mhariri,

Kila masika malalamiko ni yale yale: dawa ya viluwiluwi, watoto wa mbu waishio majini, imepulizwa mtaani, mbu hawajapungua, basi dawa ni feki. Mara nyingi dawa haina kosa. Dawa hii ya kibaiolojia hutokana na bakteria aitwaye Bti, aliyegunduliwa mwaka 1976 katika jangwa la Negev, Israeli, na haiui kwa kugusa. Bakteria huyo hubeba fuwele za protini. Kiluwiluwi akizimeza, utumbo wake, wenye ukali kama wa maji ya majivu, huziyeyusha. Sumu inatoka, inatoboa kuta za utumbo, naye hufa ndani ya saa 24 hivi. Asipozimeza, hadhuriki.

Kwa hiyo anayepuliza ajue kwanza mlaji wake. Kiluwiluwi ana brashi mbili za nywele kinywani. Huzichezesha bila kupumzika, akivuta maji yenye mwani, bakteria na vumbi la mimea. Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu aenezaye malaria, hana mrija wa kupumulia, hivyo hulala sambamba na uso wa maji, akageuza kichwa na kufagia utando wa juu. Hata chavua ya mahindi iliyoangukia dimbwini huila na kunenepa. Wa kuleksi, aina nyingine ya mbu, huning'inia kichwa chini, akichuja maji ya chini kidogo. Wa aedesi, mbu wa kwenye mapipa na matairi, hushuka hadi kwenye uchafu uliotuama.

Ndiyo maana kumwaga kopo la dawa katikati ya dimbwi ni hasara: inazama, na anofelesi anakula juu. Tikisa bomba muda wote, tumia matone madogo, na usiruke kingo zenye majani, maana huko ndiko wanakojazana.

Kwenye mitaro na makaro tatizo ni jingine. Maji yamejaa uchafu, kiluwiluwi anashiba uchafu huo na kumeza sumu kidogo mno. Fuata kipimo cha maji machafu kilichoandikwa kwenye kibandiko, au tumia dawa ya basilasi sferikasi, bakteria mwingine, inayostahimili maji ya aina hiyo vizuri zaidi. Kiwanda cha Kibaha hutengeneza zote mbili.

Kinachowachanganya wananchi zaidi ni pupa, hatua kati ya kiluwiluwi na mbu, yule mdogo aliyejikunja kama alama ya mkato. Pupa hali kabisa. Kiluwiluwi aliyekaribia kuwa pupa naye huacha kula. Hao wote watapona leo hata dawa ikiwa bora, na siku mbili baadaye mbu wataonekana. Kwa joto la pwani, yai huweza kuwa mbu kwa muda wa wiki moja hivi, hivyo Bti irudiwe kila wiki. Kupuliza mara moja kwa mwezi hakutoshi.

Halmashauri zipime matokeo baada ya saa 24 hadi 48, kwa kuchota maji kingoni mara kumi kwa upawa mweupe. Wakibaki pupa tu, dawa imefanya kazi. Wakionekana viluwiluwi hai, wadogo kwa wakubwa, kipimo au upulizaji una kasoro. Rudieni siku hiyo hiyo.

Vyoo vya shimo vyenye maji vina njia nyingine isiyotegemea ulaji: punje za plastiki nyepesi zinazoelea, unene wa sentimita moja au zaidi. Makunduchi, Unguja, zilitumika mwishoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya kuleksi, aenezaye matende. Zikifunika maji yote, viluwiluwi hukosa pumzi.

Ofisa Afya mstaafu,
Temeke, Dar es Salaam