Unapiga au unapanga? Soma hii kabla hujanunua mashine ya ngoma

Mteja akiingia dukani kwetu kutafuta mashine ya ngoma, yaani kifaa cha umeme cha kutengenezea midundo, huanza na bei, kisha huuliza ina sauti ngapi. Sisi humrudishia swali: unapiga au unapanga?

Tunauliza kwa sababu mashine hizi zina koo mbili. Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilikuwa ya kupanga: vitufe 16 kwenye mstari mmoja, kila kimoja ni hatua moja ya mdundo. Unawasha cha 1 na cha 9, basi kiki inaanguka hapo kila mzunguko (kiki ya ngoma, ule mshindo mzito wa chini, si ile ya wasanii mitandaoni). Mwaka 1988 Akai wakatoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, ya kupiga: pedi 16 (vibao vya kugonga), nne kwa nne, unazigonga kwa vidole kama mwanafunzi anavyopiga dawati mwalimu akitoka, na mashine inarekodi. Mashine nyingi za leo zimerithi ukoo mmoja kuliko mwingine, hata zile zinazojinadi kufanya yote.

Chukua Elektron Digitakt. Kwa kupanga ni fundi kweli: kila hatua unaipa sauti yake, urefu wake, hata bahati nasibu ya kulia au kutolia. Lakini vitufe vyake havihisi nguvu ya kidole. Gusa taratibu, gonga kwa hasira, sauti ni ile ile. Kijana anayepiga dramu kanisani hatamaliza nayo mwezi. Huyo tunamwekea mbele MPC One au Roland SP-404MKII, ambazo pedi zake hupima mguso.

Na hata ukishapata pedi nzuri, angalia mipangilio. Kuna mteja alirudisha MPC akilalamika kuwa pedi zimekufa, kila pigo linatoka na nguvu moja. Kumbe kitufe cha Full Level kilikuwa kimewashwa, na kazi yake ni hiyo hasa: kulipandisha kila pigo hadi 127, kiwango cha juu kabisa. Tulikizima, tukanywa chai, akaondoka na mashine yake.

Sasa tuje kwenye midundo yetu, maana video nyingi za mafunzo zinapita hapa bila kusimama. Mashine inapofunguliwa, inakupa hatua 16, nne kwa kila pigo. Ukitaka chakacha, au mdundo wowote wa sita kwa nane, 16 haigawanyiki kwa tatu, na utahangaika usiku kucha ukidhani huna kipaji. Punguza urefu wa mzunguko uwe hatua 12. Namba ya kasi itakuchanganya kidogo: mashine bado inahesabu nne nne wakati mguu wako unahesabu tatu tatu, kwa hiyo kwenye kioo ikiandikwa 120, mguu unasikia 160. Fuata mguu. Kwa hiyo kabla ya kununua, mwambie muuzaji akuonyeshe jinsi ya kubadilisha urefu huo. Arturia DrumBrute inakwenda mbali zaidi, inaruhusu kila sauti iwe na urefu wake. Muuzaji akishindwa kukuonyesha, nenda duka jingine, hata kama duka hilo ni letu.

Singeli ni kesi ya peke yake. Kwenye mapigo 200 kwa dakika, robo ya pigo ni sekunde 0.075, yaani kugonga zaidi ya mara 13 kwa sekunde moja. Haihati (ule mlio wa visahani) ya namna hiyo iachie mashine: kwenye MPC kuna Note Repeat, unashikilia pedi na inajirudia yenyewe, nguvu ya kidole ikiamua sauti ipande au ishuke. Vidole vyako viweke kwenye sneya na vile vikatizo vinavyowarusha watu.

Kuhusu umeme, MPC One haina betri. Umeme ukikatika katikati ya shoo, umekwisha. MPC Live II ina betri na spika zake ndani, ila mfuko utalia. SP-404MKII hula betri sita ndogo za AA au chaji ya USB-C, na wapigaji wa mtaani tunaowauzia huitembeza na pawabenki.

Ukinunua mtumba wa zamani uliotoka Japani, geuza nyuma usome volti kabla ya kuchomeka. Kule ni 100, kwetu ni 230, na moshi wake haunuki vizuri. Kisha gonga pedi zote kwa nguvu moja ukisikiliza ipi imechoka. Anza na ya chini kushoto, A01 kwenye MPC. Wengi huweka kiki hapo, kwa hiyo ndiyo iliyopigwa kuliko zote.