Tuwaache watoto wa kike wacheze

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu kuhusu jambo tunalolifanya majumbani bila kulitafakari, nalo ni kuwaondoa watoto wa kike mchezoni mara tu wanapoanza kukua.

Pita alasiri katika mitaa ya Tabata, Mbagala au Temeke, utawakuta wavulana wakicheza chandimu, mawe mawili yakiwa goli na mpira wao ukiwa wa matambara na mifuko iliyofungwa kamba. Dada zao wa rika hilo hilo wako uani wakichambua mchele, wakibembeleza mdogo wao au wakiosha vyombo vya mchana. Miaka michache tu iliyopita wasichana hao walikuwa mabingwa wa rede, mchezo unaomtaka mtoto ajaze mchanga kwenye chupa huku akikwepa mpira unaorushwa kutoka pande mbili, na kwa kweli ni vigumu kupata zoezi linaloshinda hilo kwa kujenga pumzi na wepesi wa mwili. Hakuna aliyewapiga marufuku rasmi. Bibi alisema, shangazi akasema, na jirani naye akaongeza: "Wewe sasa mkubwa, unarukaruka nini?"

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate, kwa wastani, angalau dakika 60 kwa siku za shughuli zinazouchangamsha mwili. Uchambuzi wake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba duniani kote asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 hawakufikia kiwango hicho, wasichana wakiwa asilimia 85 na wavulana 78. Tatizo ni la wote, ila wasichana wameachwa nyuma zaidi, na kwa hapa kwetu naamini sehemu kubwa ya sababu tunaibeba sisi wazazi.

Wapo watakaosema kwamba kazi za nyumbani nazo ni mazoezi. Sikatai kwamba kubeba ndoo ya maji kichwani ni kazi ya nguvu, lakini kukaa kwenye kigoda mbele ya beseni la vyombo hakumpi mtoto mbio, kuruka wala furaha ya kushindana na wenzake. Zaidi ya hayo, kaka yake ana mikono miwili kama yeye. Wakigawana vyombo na ufagio, wote wawili watamaliza mapema na wote watapata saa ya kucheza kabla ya magharibi.

Hoja ya staha naiheshimu, kwa kuwa nami nimelelewa nayo. Hata hivyo, suruali pana, shati refu na hijabu havimzuii msichana kuruka kamba wala kucheza netiboli, na mama anayeogopa macho ya njiani anaweza kukaa barazani akiwatazama, au, bora zaidi, akashika ncha moja ya kamba. Mtoto anayemwona mama yake akiruka hataona haya kuruka.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, ukifika, tuchapishie matokeo na picha za timu za wasichana kwa ukubwa ule ule mnaowapa wavulana, ili akina baba wanaosoma kurasa za michezo kila asubuhi wakutane nazo humo humo.

Mzazi,
Temeke, Dar es Salaam