Soko la Wajir liingie darasani

Mhariri,

Nasoma kozi ya amani na migogoro, mwaka wa tatu, na kuna kitu kinanikera sana. Tukifika topiki ya wanawake na amani tunakaririshwa Azimio 1325 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa la mwaka 2000, lile la kutaka wanawake washirikishwe kwenye kazi za amani, tunaonyeshwa picha ya Wangari Maathai na nobeli yake ya 2004, tunaambiwa wanawake ni mama wa amani, haya, slaidi nyingine. Mama wa amani! Sasa mimi nikimaliza chuo nitaenda kufanya nini na hiyo sifa?

Angalia Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya. Mwanzoni mwa miaka ya 90 koo za Ajuran, Degodia na Ogaden zilikuwa zinapigana, ukame umemaliza mifugo, bunduki zinavuka kutoka Somalia, mpaka mwanamke wa ukoo huu anazuiwa kuuza au kununua kwa wa ukoo ule sokoni. Dekha Ibrahim Abdi, mwanamke wa huko huko Wajir, na wanawake wenzake wa koo tofauti hawakungoja mfadhili, walianza na hilo hilo soko, wakaongea na akina mama wanaouza, wakakubaliana kila mtu auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakaweka kamati ya kuangalia kama watu wanafuata na kusuluhisha kukitokea fujo. Soko liliposhika ndio wakawaendea wazee, na walioanza kuzipatanisha koo kubwa ni wazee wa koo ndogo. Azimio la Al-Fatah, yaani makubaliano ya wazee ya kumaliza vita, likaja 1993, halafu 1995 kamati ya amani ikaunganishwa na serikali ya wilaya.

Hapo kuna maswali ya semista nzima jamani. Kwa nini soko kwanza, si wazee? Kwa nini kazi ianzwe na akina mama lakini kikao kikubwa kiwe cha wanaume, na hiyo iliwagharimu nini? Na harakati ikishaingia ofisi ya DC, yaani mkuu wa wilaya, bado ni harakati ama imekuwa idara? Hili la mwisho sijawahi kusikia likijadiliwa darasani, labda kwa sababu halina jibu la kuandika kwa noti.

Dekha alifariki 2011 baada ya ajali ya gari, lakini kazi hiyo hakuifanya peke yake. Vyuo viwaite akina mama wa Wajir wafundishe, hata kwa Kiswahili ama Kisomali na mtu wa kutafsiri, na walipwe kama mgeni mwingine yeyote anayeletwa kutoa lekcha.

Mwanafunzi, Eldoret