Habari ya Ford iliachwa nusu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua ili nijibu makala iliyotoka Jumapili iliyopita kwenye kurasa za biashara, ambamo mwandishi aliwahimiza vijana wanaoanzisha biashara waige mfano wa Henry Ford, mwanzilishi wa kampuni ya magari ya Ford ya Marekani. Nimefanya ufundi wa magari kwa miaka 31, na sasa ni mwaka wa tisa nauza spea Gerezani, kwa hiyo niliisoma makala hiyo kwa hamu na hata nikaikata nikaibandika ukutani dukani. Mwandishi ana kalamu nzuri. Ila habari aliyotupa ni nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo inayomgusa zaidi mtu wa Dar es Salaam anayejiandaa kununua gari, liwe la Ford au la kampuni nyingine yoyote.

Aliyopatia nayakubali. Ni kweli kwamba Henry Ford alianguka kabla ya kusimama: kampuni ya kwanza aliyoshiriki kuianzisha mwaka 1899 ilivunjika, na ya pili aliiacha mwaka 1902 baada ya kushindwa kuelewana na wenye mitaji, nayo baadaye ikageuzwa kuwa Cadillac. Ford tunayoijua iliandikishwa Juni 16, 1903, ikiwa na mtaji wa dola 28,000 za fedha taslimu. Ni kweli pia kwamba gari la Model T, lililoingia sokoni mwaka 1908 kwa bei ya dola 850, lilishuka bei mwaka hadi mwaka mpaka toleo lake la bei ya chini likauzwa dola 260 mwaka 1925, na kwamba siri kubwa ya kushuka huko ilikuwa mstari wa kuunganishia magari ulioanza mwaka 1913 katika kiwanda cha Highland Park, ambako gari lilivutwa likipita mbele ya mafundi badala ya mafundi kulizunguka. Kuunganisha chesisi moja kulikokuwa kukichukua zaidi ya saa 12 kulifika mahali pa kuchukua dakika 93. Mtu aliyewahi kushusha injini kwa mnyororo uliofungwa kwenye mwembe ataelewa kwa nini nilirudia kusoma aya hiyo.

Makala iliteleza pale ilipoeleza kwamba Januari 1914 Ford aliwapandishia wafanyakazi malipo hadi dola 5 kwa siku kwa ajili ya huruma. Kazi ya kusimama mahali pamoja na kukaza nati ileile kutwa nzima ilikuwa imewachosha watu kiasi kwamba mwaka 1913 kiwanda kiliajiri zaidi ya watu 50,000 ili kubaki na wapatao 14,000, na kila mgeni alipaswa kufundishwa upya kwa gharama ya kampuni. Hilo ndilo lililomfungua Ford mkono. Tena zile dola 5 hazikuwa mshahara mtupu. Zaidi kidogo ya nusu yake ilihesabiwa kuwa mgawo wa faida, na ili aupate, mfanyakazi alipaswa kuthibitika kuwa na mwenendo mwema mbele ya wakaguzi wa kampuni waliofika hadi nyumbani kwake kutazama kama analewa, kama nyumba yake ni safi na kama anaweka akiba. Nawaza tajiri mmoja wa hapa Kariakoo akimtuma karani wake Mbagala kwenda kufunua sufuria za mpakia mizigo wake. Nadhani karani angerudi mbio. Simdharau Ford kwa hayo, kwa sababu aliyekuwa akipokea dola 2.34 kwa saa tisa, akaanza kupata 5 kwa saa nane, hakuwa na haja ya kuuliza nia ya anayemlipa. Ninachokataa ni biashara kuvalishwa kanzu ya sadaka.

Wala kijana hawezi kuambiwa amwige mtu huyo bila kuelezwa kwamba katika miaka ya 1920 gazeti alilolimiliki lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka kadhaa hadi alipoomba radhi mwaka 1927, na kwamba Mei 26, 1937 walinzi wa kampuni yake waliwapiga viongozi wa chama cha wafanyakazi kwenye daraja la waenda kwa miguu nje ya kiwanda cha Rouge, mbele ya wapiga picha. Ford alikubali kutia saini mkataba na chama hicho mwaka 1941, akiwa wa mwisho kati ya wakubwa watatu wa magari wa Marekani.

Lakini mimi ni fundi, na kwangu jina la kampuni ya magari halipimwi kwa mwanzilishi wake. Napenda kujua kampuni ilifanya nini ilipogundua kwamba gari lake lina kasoro inayoweza kuua. Kwa upande huo Ford ina historia ndefu, na makala haikuigusa hata kwa mstari mmoja.

Gari dogo la Pinto lilianza kuuzwa mwaka 1970 likiwa na tangi la mafuta nyuma ya difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli ya nyuma, kati ya difu na bampa. Kwa haki, magari mengine madogo ya wakati ule yaliwekewa tangi mahali hapohapo. Ila mtu akilala chini ya Pinto aliona hatari yenyewe: gari likigongwa nyuma kwa nguvu, tangi lilisukumwa mbele likachomwa na vichwa vya bolti za difu, petroli ikamwagika na cheche moja ikatosha. Watu waliungua na kesi zikafuata. Mwaka 1978 baraza la wazee wa mahakama huko California liliamuru kampuni imlipe majeruhi mmoja dola milioni 125 kama adhabu, kiasi ambacho jaji alikipunguza hadi dola milioni 3.5. Kuna waraka wa kampuni ambao husimuliwa mara nyingi, uliolinganisha gharama ya dola 11 kwa kila gari na uhai wa mtu uliothaminiwa kwa dola 200,000. Wasimulizi wengi huukosea waraka huo, kwa sababu ulitayarishwa kwa ajili ya mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, ulihusu magari yanayopinduka, si yanayogongwa nyuma, na bei hiyo ya uhai ilitoka kwa mamlaka yenyewe. Ford inastahili kutendewa haki kwa hilo. Hata hivyo hakuna waraka unaoweza kueleza kwa nini magari milioni 1.5 hayakuitwa yarudishwe kurekebishwa hadi Juni 1978.

Na hata wito ulipotolewa, kutangaza ni jambo moja na kumfikia mwenye gari ni jambo jingine. Agosti mwaka huohuo wasichana watatu waliokuwa ndani ya Pinto waligongwa nyuma na gari jingine katika jimbo la Indiana, wakafa kwa moto. Barua ya kuwataka wenye gari walirudishe ilitumwa kwa familia hiyo Februari 1979, miezi kadhaa baada ya mazishi. Kampuni ilishtakiwa kwa jinai, na mwaka 1980 baraza la wazee wa mahakama likaiona haina hatia. Mimi si mwanasheria na hukumu siibishii, ila ile tarehe ya barua imenikaa kichwani.

Miaka 20 baadaye ikaja habari ya Explorer, gari jingine la Ford. Kashata, yaani tabaka la nje linalogusa barabara, za tairi za Firestone zilizofungwa kwenye magari hayo zilikuwa zikibanduka gari likiwa kwenye mwendo, na gari linapinduka. Agosti 2000 tairi milioni 6.5 ziliitwa zirudishwe, na mwaka uliofuata Ford ikaamua kubadilisha nyingine milioni 13 kwa gharama yake. Kampuni hizo mbili zilirushiana lawama, huku upepo ukiwa hoja mojawapo, kwani Ford ilikuwa ikielekeza tairi zijazwe paundi 26 na wenzao wakasema 30 ndizo zinazofaa, na mwisho zikaachana baada ya kufanya biashara pamoja kwa takriban karne moja, ingawa familia zenyewe zina undugu wa ndoa. Kwetu tunaokwenda Morogoro mchana wa Januari, gari limejaa magunia na upepo umepimwa kwa teke, mzozo huo haukuwa wa Wamarekani peke yao. Ila kilichonishtua zaidi ni kwamba Ford ilikuwa imeanza kubadilisha tairi hizo Saudi Arabia mwaka 1999, mwaka mzima kabla ya wito wa Marekani. Marekani ilitunga sheria kabla mwaka 2000 haujaisha, ikizitaka kampuni ziiarifu serikali kila zinapoita magari ya namna hiyo katika nchi nyingine.

Sina nia ya kuichafua Ford. Mwaka 2006, hali ilipokuwa mbaya, ilikopa dola bilioni 23.6 na kuweka rehani karibu kila ilicho nacho, pamoja na ile nembo yenyewe ya yai la bluu, na mwaka 2009 wenzake General Motors na Chrysler walipofilisika na kuokolewa na serikali, yenyewe haikufika huko, ingawa ilichukua mkopo wa serikali wa dola bilioni 5.9 wa kutengenezea magari yanayokula mafuta kidogo. Wazee wenzangu pia hawajasahau Anglia na Cortina za mitaani, wala Escort aliyoshinda nayo Hannu Mikkola mbio za Safari mwaka 1972, dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuzishinda. Ford zimekuwa chache hapa mjini kwa sababu zinazoeleweka. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na huko Ford haikuwahi kuuza sana hadi ikafunga biashara yake mwaka 2016. Pikapu yake kubwa ya F-150 hutengenezwa kwa usukani wa kushoto. Inayobaki ni Ranger, ambayo huunganishwa Silverton, karibu na Pretoria. Wateja huniuliza kama Ranger ni gari zuri, nami huwajibu kwamba kwanza waulize bei ya nozeli.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe lililonifanya niandike. Mwaka jana mama mmoja mwalimu alikuja dukani kutafuta brekipedi za gari lake dogo, la kampuni nyingine ambayo sitaitaja, alilolinunua kama mtumba miaka minne iliyopita. Kwa kuwa nilitaka kuhakikisha saizi, nilinakili namba ya chesisi, na kijana wangu, ambaye ana udadisi kuliko mimi, akaiingiza kwenye ukurasa wa mtengenezaji ulioandikwa kwa Kijapani na kuutafsiri kwa simu. Ikaonekana kwamba gari hilo lilikuwa limeitwa ili libadilishwe mfuko wa hewa wa upande wa abiria, na kazi hiyo haikuwahi kufanyika. Upande huo ndio anaokaa mwanawe kila asubuhi wakienda shuleni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Sasa fundi, hiyo barua walimpelekea nani?” Nikamwambia walimpelekea Mjapani aliyekuwa nalo kabla ya kuliuza.

Ndiyo maana sikuweza kuipitia makala ile nikanyamaza. Januari 2017 Ford ya Afrika Kusini iliziita Kuga 4,556 za injini ya lita 1.6 baada ya magari kadhaa kuwaka moto, na maelezo yake yalikuwa kwamba injini ikipata joto kupita kiasi, silinda hedi hupasuka na oili ikavujia mahali penye moto. Gari kama hilo likivushwa Tunduma na kuuzwa hapa kwa mkono wa tatu, barua itabaki kwa mtu wa Durban. Mnunuzi wetu hukagua rangi, husikiliza injini, huuliza kilomita ambazo mara nyingi zimerudishwa nyuma, kisha hulipa. Naomba wanaouza magari ya mitumba waweke kwenye karatasi za mauzo mstari mmoja unaoonyesha kama gari lina wito ambao haujatekelezwa, na mamlaka zinazokagua magari yanayoingia nchini ziufanye mstari huo kuwa sharti. Gazeti lako nalo lingefanya jambo jema kama lingechapa habari za miito hiyo kila inapotangazwa nje, hata kwa maneno 50 pembeni mwa ukurasa wa biashara.

Wakati tunasubiri, msomaji anaweza kuanza leo kwa kuandika namba ya chesisi ya gari lake na kuitafuta kwenye ukurasa wa mtengenezaji. Katika magari mengi ya mitumba imo kwenye bamba dogo chini ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na dashibodi. Likiwa limefunikwa na vumbi na oili, lifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Usilikwangue kwa bisibisi, maana herufi hufutika.

Wako,
Fundi na muuza spea,
Gerezani, Dar es Salaam