Altrasaundi Jumamosi: damu tumboni

Assalamu alaykum madaktari. Tukutane Chake Chake kwa mazoezi ya altrasaundi saa 3 asubuhi, inshallah. Walioko Wete na Mkoani watoke mapema. Anayemaliza zamu ya usiku apumzike kwanza, tutamsubiri.

Tutatafuta damu kati ya ini na figo ya kulia, kando ya bandama, kisha nyuma ya kibofu. Tumieni probu (kile kichwa cha altrasaundi tunachoweka mwilini) ya mviringo, megahezi 2 hadi 5. Iliyonyooka haioni kina. Mama mwenye mimba changa, maumivu na kizunguzungu, mkiona kwenye skrini weusi wa maji pale kwenye ini, mwiteni mpasuaji hapo hapo. Hapa tutakaa sana, maana hawa ndio tunaowapoteza tukichelewa. Kila mmoja ashike probu mwenyewe.

Jeli ipo. Njooni na madaftari.